Foleni Mbele ya Lango la Wafu

Kuna watu wanaochora maua, kuna wanaochora sura za wakubwa ili zitundikwe kwenye kuta za ofisi, na kuna huyu bwana wetu aliyekuwa akichora majitu. Usiniulize nani alimtuma. Alikuwa na miaka hamsini na mbili, miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, na vidole vitatu vya mkono wa kulia ambavyo havikuwahi kutakata tangu ujana wake, maana wino ule ukishaingia kwenye kucha, umeingia. Mtaani walimwita Mjomba Majitu. Watoto walimwogopa mpaka walipofika miaka sita, halafu wakaanza kumganda wakitaka awachoree joka.

Kalamu yake ilikuwa ile ya kuchovya, yenye ncha ya chuma, na wino wake ulikuwa mweusi tii, hakuna rangi nyingine. Wachapishaji walimletea hadithi za kale za mataifa ya mbali, na riwaya za nchi ambazo hazijawahi kuwepo: majitu yenye jicho moja, nyoka wenye vichwa tisa, malkia wanaoishi chini ya ardhi, farasi wanaoruka. Kazi yake yeye ilikuwa kuwapa sura. Na hakuwahi kubuni sura ya mtu hata siku moja. Kila jitu lake lilikuwa na uso wa mtu aliye hai. Mwenye nyumba alikuwa ameshakuwa joka mara tatu. Karani wa posta alikuwa nusu ng'ombe, nusu binadamu, na alipendeza kuliko alivyo kawaida. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kujijua, kwa sababu ni nani atakayefungua kitabu, aone zimwi linatafuna mifupa, aseme, loh, mbona huyu ni mimi?

Wafu walikuwa na sheria yao peke yao. Hadithi za namna hiyo hazikosi mtu wa kushuka kuzimu, na kila ilipofika picha ya kuzimu, mchoraji aliweka nyuso za watu waliokufa kweli, na hao tu. Mtu aliye hai hakumweka kule hata kwa dawa. Mzee aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba ni mkosi, naye akalishika neno hilo miaka thelathini bila kuuliza, maana hakuwa mtu wa kujaribu mikosi.

Dada yake aliipenda sana sheria hiyo. Alikuwa mkubwa wake kwa miaka sita, mjane, fundi cherehani, nao waliishi nyumba moja: chumba cha mbele kilikuwa na cherehani yake, cha nyuma kilikuwa na meza ya majitu, na katikati palikuwa na pazia tu. Picha ya wafu ikishakamilika, dada alinyanyua pazia, miwani ikiwa juu ya kichwa, akaja kuwaamkia mmoja mmoja. "Shikamoo baba. Shikamoo mama. Na huyu si fundi viatu? Jamani, hata kuzimu hajanyoa." Akimkuta muuza mkaa, yule aliyekuwa akiwachanganyia vumbi kwenye gunia, alimwambia, "Na wewe upo, eti. Pole." Basi walicheka mpaka wakafuta machozi. Watu wao wote waliotangulia walikuwa kwenye mistari ile, na ukitaka ukweli, waliwazuru humo kuliko makaburini.

Sasa, dada alikuwa na mtoto mmoja tu. Jina lake la cheti alilijua mama yake na walimu. Wengine wote walimwita Sharubu, kwa sababu akiwa na miaka kumi na mitatu alijipaka wino wa mjomba wake chini ya pua ili aonekane mtu mzima, na wino ule, kama nilivyosema, hautoki. Alikwenda shule na sharubu wiki mbili nzima. Alikua akawa kijana mrefu, wa maneno mengi na kazi chache, mwenye bega la kushoto lililoshuka kidogo tangu alipoanguka ukutani akiwa na miaka saba akavunjika mfupa wa mtulinga, ukaungwa ovyo. Mjomba wake alimpenda kupita kiasi. Hakuwa na watoto wake mwenyewe. Alikuwa na majitu, na alikuwa na Sharubu.

Alipofika miaka ishirini na mbili, kijana alichoka kuambiwa njoo kesho. Akapanda juu ya lori la mbao pamoja na vibarua wengine, akaenda kutafuta kazi kwenye mji ambao hata jina lake alilitamka vibaya. "Nikifika tu nitapiga simu," alisema. Hakupiga. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Dada hakulia, alishona. Kila mwezi alimkatia mwanawe shati moja, akalipiga pasi, akalitundika nyuma ya mlango, na kila mwezi alibishana na pazia kuhusu kipimo, pini zikiwa mdomoni. "Atakuwa amekonda huko. Nipunguze kiunoni?" Na mdogo wake akamjibu kutoka upande wa pili, "Usipunguze, atanenepa akirudi." Miezi yote hiyo, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya nyumba ile.

Mwezi wa tano tangu kijana aondoke, mchoraji alifunga safari kwenda kumtafuta. Aliulizia vituo vitatu vya polisi, akaulizia gereji, akaulizia hospitali mbili, kote akiambiwa hatumjui. Hospitali ya tatu ilikuwa kwenye mji mdogo wa njiani. Hapo walimzungusha mlango wa nyuma, kwa mhudumu wa mochwari, mzee mpole aliyevaa mabuti ya mpira. Mzee yule alikausha mikono, akatoa daftari la jalada gumu lililobandikwa picha ndogo za watu ambao hawakujulikana na hakuna aliyekuja kuwachukua. "Pitia taratibu," alimwambia. "Ukichoka, pumzika."

Sharubu alikuwa ukurasa wa nne. Lori lilipinduka kwenye kona siku ile ile ya safari, na kijana aliletwa bila kitambulisho, bila simu, akaishi siku mbili bila kutamka neno. Mochwari walimtunza wiki sita, halafu manispaa ikamzika. Mchoraji aliitazama picha ile kwa muda mrefu, kwa namna ambayo macho yake yalizoea kutazama, yaani kila mstari, kila kivuli, bila kuruka kitu. Kisha akaandika jina kwenye nafasi iliyoachwa wazi, kwa ule mwandiko wake mzuri, akatia saini. Mzee akampeleka nyuma ya uzio kumwonyesha kigingi cha mbao chenye namba. Palikuwa na vigingi vingi na majani marefu, na hapakuwa na mtu mwingine. Mtu mzima wa watu, na mkoba wake begani, alikaa chini kwenye majani akalia kwa sauti.

Njiani kurudi alipanga maneno. Alipanga ataanzia wapi, atakaa upande gani, atamshika dada mkono gani. Alipofika, dada alikuwa amesimama mlangoni, futi ya kamba shingoni, na alimsoma uso kabla hajatua mkoba.

"Kama umemkuta mgonjwa, niambie," dada alisema. "Kama umemkuta gerezani, niambie. Jingine usiniambie. Jingine silipokei, mdogo wangu. Nitakufa hapa hapa."

"Sijampata," mchoraji akasema.

Ndiyo hivyo. Unaweza kusema wewe ungefanya vingine, na mimi nakwambia nyamaza, hukuwa umesimama kwenye mlango ule. Alijiambia atasema kesho. Kesho yake walikuja wateja wa sare za shule, nyumba ikajaa. Keshokutwa dada alilala na presha. Wiki iliyofuata shati la mwezi wa sita lilikuwa limeshakatwa, liko mezani na chaki yake. Kadiri siku zilivyosogea, jambo la kusema likawa si moja tena bali mawili: kwamba Sharubu amekufa, na kwamba yeye alijua. Hilo la pili, Mungu amsamehe, ndilo lililomtia hofu zaidi. Basi akaendelea kujibu kupitia pazia kwamba atanenepa akirudi, na kila alipojibu alijichukia, na mwezi uliofuata akajibu tena.

Mwezi wa nane mhariri alileta kazi kubwa. Ilikuwa riwaya nene, ya malkia mmoja mhunzi anayeshuka kuzimu kumdai mume wake, na mhariri, mama mwenye haraka ya kudumu, alitaka picha ishirini na nne, ya mwisho ikitanda kurasa mbili.

"Lango la wafu," alisema, akilionyesha kwa mikono mpaka akagonga kikombe cha chai. "Na mbele yake, foleni. Sitaki watu kumi. Nataka foleni ya kumchosha msomaji."

"Watu wangapi?"

"Kwani wewe unao wangapi?" mhariri akauliza. Sheria ya wafu aliijua, na alikuwa akitania tu.

Alipoondoka, mchoraji alikaa akaandika wafu wake kwenye karatasi. Baba na mama. Shemeji yake. Fundi viatu, mwalimu wa hesabu, muuza mkaa, mkunga wa mtaa, mapacha wa jirani waliokufa wiki moja. Walifika sabini na sita. Aliinua kalamu ikabaki hewani, kwa sababu wa sabini na saba alimjua, na alijua pia kwamba hawezi kuliandika jina lile mahali ambapo dada anaweza kulisoma.

Picha ya mwisho ilimchukua wiki tatu. Kwanza penseli ngumu, mistari ya kuonyesha njia tu; halafu wino, kuanzia juu kushoto kushuka chini kulia, ili mkono usipite juu ya mstari mbichi; halafu vivuli, vistari vya kupishana, maelfu kwa maelfu, mpaka kifundo cha mkono kinawaka moto. Lango alilichora refu, la mifupa iliyofumwa. Mlinzi alikuwa mbwa wa vichwa vitatu, na vichwa vyote vitatu vilikuwa vya mwenye nyumba, maana mlinzi si mfu na sheria haimhusu. Upande wa pili wa pazia cherehani ililia tangu asubuhi, ikinyamaza pale tu dada alipobadilisha uzi.

Alipofika pa baba yao, alikwama. Baba alikuwa kwenye kila picha ya wafu aliyowahi kuchora, amesimama kwa fimbo yake, akimtazama msomaji kwa jicho la kukagua. Safari hii pembeni yake palibaki nafasi ya mtu mmoja. Mchoraji alichora jiwe kwa penseli, akalifuta. Akachora kichaka, akakifuta. Alijiona kama anamfukuza mtoto kwenye nyumba ya kwao. Kule kwenye vigingi Sharubu alikuwa peke yake kati ya watu asiowajua. Hapa angalau angekuwa na babu yake pembeni, bibi yake nyuma, na mbele yule fundi viatu aliyekuwa akimshonea mpira kila ukipasuka. Roho ilimuuma sana, akamweka.

Lakini akamgeuza mgongo. Watu sabini na sita walimtazama msomaji, na wa sabini na saba alitazama lango. Hakuna uso, basi hakuna mtu, alijiambia, mgongo ni mgongo tu. Akamvalisha shati la kawaida, akampa kichwa cha kawaida. Alifikiria kila kitu, isipokuwa kazi anayoifanya dada yake.

Kisha akarudi kumtia babu wino, na hapo mkono ulifanya mambo yake. Mzee hakumtazama msomaji. Aligeuza kichwa, akamtazama kijana aliyesimama pembeni yake, kwa ule uso wa babu anayetaka kuuliza, na wewe umefuata nini huku mapema hivi? Mchoraji alipozinduka, wino ulikuwa umeshakauka.

Picha ilikamilika Ijumaa asubuhi. Alikuwa bado anapuliza kona ya mwisho pazia liliponyanyuka.

"Wameiva?" dada akauliza. Ndivyo alivyouliza siku zote.

"Wino haujakaa vizuri. Njoo baadaye."

"Kwani nitawagusa? Nawaamkia tu, niendelee na kola zangu."

Akainama juu ya meza, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. "Shikamoo mama. Umempendezesha mama, asante. Huyu mwalimu wa hesabu umemwonea, hakuwa na masikio hivi. Wewe muuza mkaa, hata huku uko mbele ya foleni?" Alicheka peke yake. Mchoraji alikuwa akisafisha ncha ya kalamu iliyokuwa imeshasafika.

"Shikamoo baba," dada akasema. Kisha akasema, "Baba anamtazama nani?"

"Hamtazami mtu. Amechoka na foleni."

"Baba hakuwa mtu wa kumgeuzia mtu kichwa. Alikuwa anamgeuzia..."

Akashusha miwani kutoka kichwani, akaivaa. Akainama tena, karibu zaidi, na mkono wake wa kulia ukatoka nyuma, akaweka kidole gumba na cha shahada juu ya mabega ya yule mtu aliyegeuka mgongo, bila kugusa karatasi, kama anavyompima mteja kwa jicho kabla hajatoa futi. Akapima kushoto. Akapima kulia. Akarudia kushoto.

"Bega limeshuka," akasema polepole. "Bega hili nimelikatia nguo miaka kumi na tano. Kila shati nalipunguza nusu inchi upande huu ili kola isikae upande. Huyu ni nani?"

"Mtu tu, dada. Nimebuni."

"Wewe hubuni watu."

Mchoraji akakaa kwenye kiti chake. Dada alibaki amesimama, na alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya kuomba, sauti ambayo mdogo wake hakuwahi kuisikia tangu azaliwe.

"Sema umekosea," akasema. "Sema umevunja sheria yako. Umezeeka, umechanganyikiwa, umemweka mtu aliye hai kwenye foleni ya maiti. Sema hivyo na mimi nitakusamehe sasa hivi, nirudi kwenye kola zangu."

Mlango uleule ukafunguliwa mbele yake mara ya pili. Neno moja tu, na nyumba ingerudi kama ilivyokuwa. Alilitamani neno hilo kuliko maji. Alimtazama dada yake, uzi mweupe ukiwa umemganda kwenye bega, na akaona kwamba akilisema, atakuwa analisema mpaka mmoja wao afe.

"Sikuivunja," akasema.

Dada hakuanguka, hakupiga kelele. Alivuta hewa tu, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

"Ulijua lini?"

"Alikufa siku ya pili tangu aondoke. Lile lori..."

"Sijakuuliza alikufa lini. Wewe ulijua lini?"

"Ile safari yangu. Nilikuta manispaa wameshamzika."

Dada akahesabu kwa vidole, akianza na kidole kidogo, midomo ikitembea. Alipomaliza aliviangalia vile vidole vinne vilivyonyooka, kama si vyake.

"Mashati manne," akasema. "Nimemshonea maiti mashati manne, na wewe uko nyuma ya pazia unaniambia nisipunguze kiunoni."

"Ulisema hutapokea, dada. Ulisema utakufa."

"Nilisema maneno ya mlangoni. Mtu amesimama mlangoni anatetemeka, atasema nini? Wewe ulikuwa mdogo wangu au mpita njia? Ungenikamata mikono ukanikalisha chini. Ungeniacha nikupige. Umeninyima kumlilia mwanangu miezi minne, nimekaa nacheka na wateja, nakula, nalala usingizi. Mama gani huyo?"

Hapo mchoraji, kwa kuchanganyikiwa, akasema jambo baya kuliko yote aliyosema siku ile. "Naweza kumtoa," akasema, akishika wembe. "Nikikwangua taratibu wino unatoka. Nitaweka kichaka pale, hutamwona tena."

"Manispaa wamemfukia mara moja," dada akasema. "Wewe umemfukia mara ya pili kwa huo mdomo wako. Sasa unataka mara ya tatu. Weka chini wembe."

Akauweka.

"Alikuwaje?"

"Nani?"

"Mwanangu. Kama ulijua, basi ulimwona."

"Niliona picha tu, dada. Kwenye daftari."

"Mimi sijaona hata hiyo. Nichoree."

Mchoraji alitikisa kichwa. Alisema si sura ya kumwonyesha mama. Alisema amkumbuke alivyokuwa akicheka. Alisema mengi, na yote yalikuwa ya kweli, na dada aliyasikiliza yote mpaka mwisho.

"Umechora watu wanaokula watoto wao," akasema. "Umechora wanawake wenye nyoka kichwani. Nilikuwa nakuletea chai ukiwachora. Hushindwi. Nichoree mwanangu."

Akavuta kigoda, akaketi mkabala naye, viwiko juu ya meza. Mchoraji akachukua kipande cha karatasi nene, akachovya kalamu. Hakupitisha penseli, kwa sababu hakuihitaji, na hapa nitasema jambo ambalo hakumwambia mtu. Kwa miezi minne alikuwa akimtafuta Sharubu kichwani, yule wa maneno mengi, yule wa sharubu za wino, na kila alipomfuata alikutana na uso wa ukurasa wa nne umesimama njiani. Hakuwa na uso mwingine. Alimgeuza mgongo kwenye foleni ili dada asimwone, ndiyo, lakini pia kwa sababu angemgeuza mbele angetoka hivi.

Akaanza na paji la uso, palipokuwa na mshono wa haraka wa nyuzi saba. Dada aliutazama mshono.

"Nani alishona hivi?" akauliza. "Ameruka ruka."

"Sijui, dada."

"Endelea."

Akachora jicho la kulia lililovimba mpaka likafunga. Akachora pua, na shavu lililobonyea.

"La kushoto lilikuwa limefungwa?"

"Lilikuwa wazi."

"Basi lichore wazi."

Akalichora wazi. Machozi yalimtoka yakashuka kwenye ndevu, na akageuza kichwa pembeni yasidondoke kwenye kazi, kwa mazoea tu ya mtu wa wino. Akachora midomo iliyopasuka, iliyoachana kidogo, na meno mawili ya mbele yaliyopandana, meno ambayo mama yake alikuwa akisema kila siku kwamba ni ya ukoo wa baba yake. Akachora ndevu za siku mbili. Akachora shingo, na pale ilipoishia picha ya daftari, naye akaishia pale.

Dada akaichukua karatasi ikiwa bado mbichi. Wino ulimpaka kidole gumba. Aliishika mbali, akaisogeza karibu, akaishika mbali tena, maana miwani yake ilikuwa ya kushonea, si ya kutazamia watu. Nje mtu alipita akiuza mifagio, akatangaza bei yake, akaenda zake.

"Ndiye," dada akasema.

Alilisema taratibu na wazi, kama anavyosema ndugu aliyeitwa kutambua. Mchoraji akanyoosha mkono kuushika wake. Dada hakuukwepa kwa hasira. Aliuondoa mkono wake mezani kama unavyouondoa mtu usiyemjua anapokaribia kukugusa kwenye umati, akainuka. Aliipita ile foleni ya watu sabini na saba bila kuitazama, akapita kwenye pazia, akaipita cherehani na kola zake, akatoka mpaka kibarazani. Hapo akapiga yowe.

Lilikuwa yowe la miezi minne. Mtaa mzima ulilisikia. Wanawake waliacha masufuria, wanaume waliokuwa kwa kinyozi walitoka na vitambaa shingoni. Mke wa kinyozi alifika wa kwanza, unga mikononi, akamdaka dada kabla hajafika chini, wakaketi pamoja kwenye ngazi.

"Mama Sharubu, kuna nini? Niambie, kuna nini?"

"Mwanangu amefariki."

"Amefariki lini?"

"Leo."

Mchoraji alikuwa ametoka nyuma yake, amesimama mlangoni. Watu walikuwa wameshajaa mbele ya nyumba, wengine wameshaanza kulia, na wote walimtazama yeye, kwa kuwa ndiye mwanamume wa nyumba na ndiye mjomba wa marehemu. Mke wa kinyozi naye aliinua macho, akamwona pale na vidole vyake vyeusi, akamuuliza dada kwa upole, "Ni nani aliyekuletea habari?"

Dada hakugeuka nyuma.

"Hakuna aliyeniletea," akasema. "Nimejionea mwenyewe."